SI LAANA, SI POMBE
Magonjwa ya ukoo na ujumbe unaojirudia ndani ya mwili

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeiandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika kwenye semina. Mwishoni kuna maswali ya kuzungumzia katika vikundi vyenu.)

  Kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni, saa hii ilikuwa ya kuweka vitabu vya hesabu. Tumemwomba mwenyekiti atuachie saa hii kwa jambo lingine, naye amekubali. Vitabu tutavifungua alasiri.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna kikundi kimoja kilichokuwa na mweka hazina aliyeaminiwa sana. Alikuwa fundi wa mbao. Alipofika miaka arobaini hivi akaanza kubadilika. Kwanza vikombe vilikuwa vinamponyoka mkononi. Halafu mabega na vidole vikawa vinacheza-cheza bila yeye kutaka. Akitembea anayumba, akiongea ulimi ni mzito, na akikosolewa anawaka hasira, yeye aliyejulikana kwa upole. Hesabu za kikundi zikaanza kukosana. Wakamtoza faini ya ulevi mara ya kwanza na mara ya pili. Mara ya tatu wakatuita sisi tuamue.

Mke wake alisimama akasema, "Huyu hajawahi kuonja pombe." Watu wakacheka. Na sisi, tuliosomea kazi hii tukapewa diploma, tulikaa pale chini ya mwembe, tukasikiliza pande zote, kisha tukatia sahihi kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba aondolewe kwa sababu ya ulevi.

Miaka miwili baadaye alifikishwa hospitalini akiwa amekonda sana. Daktari aliuliza swali moja ambalo sisi sote hatukuwa tumeuliza: "Baba yake alikufaje?" Wazee wakatazamana. Baba yake alianza vivyo hivyo. Shangazi yake pia. Kijijini walisema ukoo ule umelaaniwa kwa sababu ya mpaka wa shamba. Daktari akasema huu ni ugonjwa wa ubongo unaorithiwa, wa jamii ya ugonjwa wa Huntington. Kipimo cha damu cha kuonyesha ni upi hasa hakikupatikana, na mgonjwa akafariki kabla ya kujua jina kamili la kilichomuua. Siku ya mazishi mjane alituambia neno moja tu: "Mlimfukuza mtu mgonjwa."

Ameacha watoto wanne. Binti mkubwa alikuwa ameposwa. Upande wa pili waliposikia habari za "laana", waliacha kuja.

Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza madaktari na kusoma. Yale tuliyoyaelewa tunataka kuyagawa leo, kwa maneno yetu ya nyumbani.

KITABU KILICHO NDANI YA MWILI

Mwili wetu umejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vyumba hivi huitwa seli. Ndani ya karibu kila seli kuna ofisi, na ndani ya ofisi kuna kitabu kikubwa cha maagizo. Kitabu hicho ndicho madaktari wanachokiita DNA. Kimeandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T, lakini nakala moja ina herufi kama 3,000,000,000. Kila mmoja wetu ana nakala mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Kila agizo ndani ya kitabu huitwa jeni.

Sasa ninyi mnajua kazi ya ofisi ya kikundi. Je, kitabu cha kumbukumbu hutolewa kikapelekwa shambani kikachafuka? Hapana. Katibu huandika maagizo kwenye kikaratasi, na kikaratasi ndicho kinachopelekwa kwa wafanyakazi. Mwili nao hufanya hivyo. DNA haitoki ofisini. Mwili hunakili agizo kwenye kikaratasi kinachoitwa RNA, halafu kikaratasi hicho hutoka kwenda kwa wajenzi, nao hujenga kitu kinachoitwa protini. Protini ndizo zinazofanya kazi: misuli kukaza na kulegea, macho kuona, moyo kupiga.

Kuna hatua moja hapo katikati ambayo lazima tuikumbuke. Kikaratasi kikishanakiliwa hakitoki hivyo hivyo. Kwanza hupitia kwa wakataji. Hawa hukata sehemu zisizohitajika na kuunganisha zinazobaki, kama mshonaji akatavyo kitambaa. Na mshonaji mzuri anajua: kitambaa kimoja kinaweza kukatwa kwa kipimo cha mtoto mchanga au kwa kipimo cha mtu mzima. Mwili nao una vipimo hivyo viwili. Tukiwa tumboni, vikaratasi vingi hukatwa kwa kipimo cha mtoto. Tukizaliwa na kukua, wakataji hubadilisha na kukata kwa kipimo cha mtu mzima. Shikeni hapo, tutarudi.

SALAMU ZISIZOISHA

Kila mtu amewahi kuandikiwa barua ambayo habari yenyewe ni mistari mitatu, halafu chini yake ni salamu ukurasa mzima: nisalimie fulani, nisalimie fulani, nisalimie fulani. Na kule kwenye kitabu cha mwili, maagizo mengine yana salamu za namna hii, yaani herufi chache zinazojirudia. Kurudia kidogo si kosa. Wewe unazo, sisi tunazo. Shida huanza zikizidi.

Tuchukue mfano wa ugonjwa ambao wataalamu wameuelewa kuliko mingine ya aina hii. Huitwa distrofia ya miotonia. Mgonjwa akikushika mkono kukusalimu, mkono wake hauachii upesi. Anataka kuachia, lakini vidole vinabaki vimekaza. Pole pole misuli ya uso, shingo, mikono na miguu hudhoofika. Wengi hupata mtoto wa jicho mapema, husinzia mchana, na mapigo ya moyo huvurugika, tena wengine hufa ghafla kwa sababu hiyo.

Mwaka 1992 wataalamu waligundua kosa liko wapi. Katika agizo moja, herufi CTG zinajirudia. Mtu mzima wa afya anazo kuanzia mara 5 hadi 37 hivi. Zikifika 50 na kuendelea, ugonjwa unaweza kutokea. Wagonjwa wengine wanazo mara mia kadhaa, wengine mara elfu na zaidi.

Lakini hapo palikuwa na fumbo. Zile CTG haziko katika maagizo yenyewe. Ziko chini kabisa, baada ya maagizo kwisha, pale penye salamu. Wajenzi hawazisomi. Sasa barua itamdhuruje mtu kwa sababu ya salamu ambazo hakuna anayezifuata?

KIKARATASI KILICHOGEUKA ULIMBO

Mzee yeyote hapa aliyechunga mbuzi utotoni anaujua ulimbo. Unapaka utomvu kwenye tawi. Tawi lenyewe halimkimbizi ndege. Linakaa tu. Lakini ndege akitua, hatoki.

Hicho ndicho kinachotokea. Kikaratasi cha RNA chenye marudio mengi hujikunja na kunata. Hakitoki ofisini kama vikaratasi vingine. Hukaa pale katika mafungu madogo, na wataalamu wameyaona mafungu hayo kwa darubini. Wale wakataji wetu, hasa jamii ya protini inayoitwa MBNL, kwa kawaida hupenda kushika herufi za namna hiyo. Wanatua juu ya kikaratasi, mmoja, wa pili, wa mia, na wananasa.

Sasa fikirini wenyewe. Wakataji wamenaswa. Kazi yao ni nani atafanya? Vikaratasi vya maagizo mengine, ambavyo havina kosa hata kidogo, vinapita bila kukatwa sawasawa. Vinarudi kwenye kipimo cha mtoto. Mtu mzima wa miaka thelathini anashonewa nguo ya mtoto mchanga!

Agizo la mlango unaopitisha chumvi fulani kwenye misuli, ule unaosaidia msuli utulie baada ya kukaza, likikatwa vibaya, mkono unashika na hauachii. Agizo la kipokezi cha insulini likikatwa kwa kipimo cha mtoto, mwili unashindwa kutumia sukari vizuri. Na maagizo ya moyo nayo vivyo hivyo. Ndiyo maana ugonjwa mmoja unagusa macho, moyo, misuli na usingizi. Hatuhitaji kutafuta majini saba kwa mambo saba. Chanzo ni kimoja.

Mtasema, mnajuaje? Mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwajaribu panya. Walichukua zile CTG peke yake, mara 250 hivi, wakaziweka chini ya agizo lingine kabisa la misuli. Ni kama kuchukua salamu za barua ya fulani na kuziandika chini ya barua ya mtu mwingine. Panya wale wakakaza misuli kama wagonjwa. Panya wengine waliowekewa marudio machache hawakupata shida hiyo. Mwaka 2003 wengine wakazalisha panya waliokosa mkataji mmoja wa MBNL, bila marudio yoyote. Hao nao wakakaza misuli na kupata mtoto wa jicho. Basi ushahidi ukakamilika pande zote mbili: RNA yenyewe inaweza kuwa sumu, na sumu yake ni kuwanasa wafanyakazi.

KWA NINI WATU HUSEMA "LAANA INAZIDI"

Hapa tunawaomba mtusikilize vizuri, maana hapa ndipo familia nyingi zimevunjika.

Mwambie mtoto wa darasa la kwanza aandike neno "haya" mara tano. Atapatia. Mwambie aliandike mara mia tatu. Atapotea katikati, ataongeza. Na anayenakili kutoka kwake ataongeza tena. Marudio yakishakuwa mengi, mwili nao hupotea katika kuyanakili. Mzazi ana 60, mtoto anaweza kupata 300, mjukuu 1,500.

Basi katika ugonjwa ule wa misuli hutokea hivi. Babu anapata mtoto wa jicho uzeeni, na hakuna anayejiuliza. Binti yake anaanza kukaza mikono akiwa na miaka thelathini. Mjukuu anazaliwa mlegevu kama kitambaa, hawezi kunyonya, anapumua kwa shida. Mtoto anayezaliwa hivyo karibu kila mara amerithi kutoka kwa mama, na pengine mama mwenyewe hajajua kwamba ni mgonjwa. Kijiji kinaangalia vizazi vitatu kinasema, "Mnaona? Laana inazidi kwa sababu hawajatoa ile mbuzi." Hapana. Kinachozidi ni idadi ya herufi.

Wapi ugonjwa huu unaonekana sana? Katika eneo la Saguenay na Lac-Saint-Jean, jimbo la Quebec nchini Kanada, karibu mtu mmoja kati ya 500 anao, kwa sababu wengi pale wametokana na wahamiaji wachache wa zamani. Kwetu Waafrika wa kusini mwa Sahara, ugonjwa huu ni nadra sana, ingawa familia moja ya Nigeria imewahi kuelezwa na madaktari.

NDUGU ZAKE, NA MMOJA ALIYE WETU

Mtatuuliza, kama ni nadra kwetu, mmetuletea ya nini? Kwa sababu ugonjwa ule ndio uliowafungua wataalamu macho. Baada ya hapo waliona ndugu zake.

Ndugu mmoja hukaa katika familia zenye mtoto mzito wa kuelewa shuleni. Herufi CGG zikijirudia zaidi ya mara 200 katika agizo fulani, agizo hunyamaza na mtoto hupata shida ya akili. Lakini babu yake, mwenye marudio kati ya 55 na 200, anaweza kuanza kutetemeka mikono na kuyumba baada ya miaka hamsini. Mwaka 2001 madaktari waliunganisha hayo mawili. Huko kwa babu, agizo halijanyamaza. Linatoa RNA nyingi kupita kiasi, na RNA hiyo ndiyo inayodhuru ubongo. Babu na mjukuu, ugonjwa tofauti, mzizi mmoja. Mwaka 2011 ndugu mwingine alipatikana, hasa kwa watu wa asili ya Ulaya, anayeua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, au kuharibu akili.

Ugonjwa wa Huntington wenyewe pia unatokana na herufi zinazojirudia, CAG, lakini huko marudio yamo ndani ya maagizo, na mshtakiwa mkuu ni protini iliyoharibika. Jeni yake ilipatikana mwaka 1993. Ilipatikana kwa msaada wa watu wa vijiji maskini kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako ugonjwa huu ni mwingi sana. Maelfu ya wanavijiji walitoa damu. Dunia nzima ilipata elimu kutokana na damu ile, na wao wengi wamebaki katika umaskini ule ule. Tunalisema hili kwa sababu vikundi vyetu vinajua maana ya kutoa bila kurudishiwa. Tarehe 18 Mei 2017, Papa Fransisko alizipokea familia zenye ugonjwa huu kule Vatikani, nyingi zikitoka Amerika ya Kusini, na kusisitiza kwamba wagonjwa hawa wasifichwe tena.

Sasa yule aliye wetu. Mwaka 2001 iligunduliwa kwamba kuna ugonjwa unaofanana na Huntington kama pacha: mwili kucheza-cheza, kuyumba, hasira au huzuni nzito, akili kupotea pole pole, kuanzia umri wa makamo. Wataalamu wanauita HDL2. Agizo lake liko mahali pengine kabisa. Mtu wa afya ana marudio hadi 28, mgonjwa huwa nayo kuanzia 40 hivi. Na karibu wagonjwa wote waliothibitishwa ni wa asili ya Kiafrika. Kule Afrika Kusini sehemu kubwa ya wagonjwa weusi waliodhaniwa kuwa na Huntington walikutwa na huu. Katika ubongo wa wagonjwa wake, mwaka 2007, wataalamu walieleza mafungu yale yale ya RNA yaliyowanasa wakataji wa MBNL. Tuseme ukweli: katika HDL2, RNA yenye sumu ni mmoja wa washtakiwa, si peke yake. Agizo lenyewe pia hupungukiwa.

Faida ya kujua hili ni nini? Ni kwamba kipimo cha Huntington kinaweza kurudi safi, na ugonjwa bado uko. Familia isiambiwe, "Mnaona, damu ni safi, basi ni uchawi." Muulizeni daktari, "Je, na ule pacha wake umepimwa?"

MCHEZO WA MAHARAGWE

Mwenyekiti, tunaomba yale makopo mawili. Asante. Kopo la baba tumetia maharagwe mawili: moja jekundu, moja jeupe. Jekundu ndilo agizo lenye marudio mengi. Kopo la mama tumetia meupe mawili. Njoo mama, funga macho, chota moja kila kopo. Huyo ni mtoto wa kwanza. Rudisha. Chota tena. Huyo ni wa pili.

Mmeona? Mama huyu amechota jekundu mara mbili mfululizo, halafu jeupe mara tatu. Kila mtoto anaanza upya. Kopo halikumbuki mtoto aliyetangulia. Kila mtoto wa mgonjwa, wa kike au wa kiume, ana nafasi moja kati ya mbili. Tumejifunza mambo matatu hapa.

Kwanza, mke aliyeolewa katika ukoo ule hana hatia. Yeye alileta maharagwe meupe. Mara ngapi tumesikia mama mkwe akisema, "Mwanangu alikuwa mzima mpaka alipokuoa wewe"?

Pili, mtoto aliyechota jeupe hana cha kumrithisha mwanawe. Usimkatae msichana kwa sababu ya jina la ukoo wake.

Tatu, aliyechota jekundu hakukosa kitu. Hakuchagua, na baba yake hakuchagua.

(Mchezo huu unafaa kwa Huntington, HDL2 na ule wa misuli. Ule wa babu na mjukuu hupita kwa njia nyingine kidogo, tusiuchanganye hapa.)

TUFANYE NINI

Dawa ya kuondoa kabisa RNA yenye sumu mwilini bado haijaidhinishwa. Wataalamu wanajaribu dawa zinazokwenda kushika kile kikaratasi ili wakataji waachiliwe, na majaribio kwa wagonjwa wa distrofia yanaendelea nchi za nje. Mtu akija sokoni na chupa akisema ndiyo dawa yenyewe, mwambieni aende zake. Lakini kukosa dawa ya kuponya si kukosa la kufanya.

1. Hospitali kwanza. Si kila anayetetemeka au kuyumba ana ugonjwa wa ukoo. Kaswende ya muda mrefu, ukimwi, tezi ya shingo, dawa fulani, na ndiyo, pombe pia, huleta dalili kama hizo, na mengi yana matibabu. Mtoto anayecheza-cheza mikono majuma au miezi michache baada ya kuumwa koo apelekwe haraka. Huenda ni homa inayoshambulia moyo, na inatibika.

2. Nendeni na habari za ukoo. Chukueni daftari, kaeni na bibi na babu, andikeni: nani aliugua, alianza akiwa na umri gani, dalili ya kwanza ilikuwa nini. Ukurasa huo mmoja unamsaidia daktari kuliko maneno mengi. Kama yule mweka hazina wetu angekuwa nao, pengine tusingemhukumu.

3. Mgonjwa wa misuli isiyoachia apimwe moyo kwa mashine kila mwaka, na kabla ya upasuaji wowote daktari aambiwe, maana dawa za usingizi zinaweza kumdhuru vibaya. Mama mjamzito mwenye ugonjwa huu ajifungulie hospitali, asijifungulie nyumbani.

4. Chakula. Mgonjwa wa Huntington na pacha wake hukonda sana kwa sababu mwili hautulii, na kumeza ni kazi. Mpeni chakula laini mara nyingi kwa siku: uji wenye karanga au maziwa, viazi vya kuponda, parachichi. Akae wima, asiharakishwe, na asiongeleshwe akiwa anameza.

5. Nyumba. Jiko la mawe matatu liwekewe kizuizi. Kikombe kiwe cha bati, si cha kioo. Kitanda kiwe chini. Ratiba ya siku isibadilike-badilike, maana mabadiliko humchanganya.

6. Roho yake. Wengi hupata huzuni nzito, na wengine hujaribu kujiua. Hasira yake mara nyingi ni ugonjwa, si tabia. Msimwache peke yake kwa muda mrefu akianza kusema maneno ya kukata tamaa. Mpelekeni kliniki, maana huzuni ina dawa hata pale ugonjwa wenyewe hauna.

7. Kupimwa ni hiari. Kijana mzima anaweza kutaka kujua, mwingine asitake. Wote wana haki. Asilazimishwe na mchumba, na watoto wadogo wasio na dalili wasipimwe magonjwa yanayoanza ukubwani.

8. Mtunzaji naye anachoka. Kikundi kikichanga zamu, siku moja moja kila juma, mke au binti anayelea mgonjwa atapata kulima na kulala. Tena msaidieni kumwandikisha mgonjwa kama mtu mwenye ulemavu.

Wazee walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Lakini tuwe wakweli, watu hawafichi bila sababu. Wanaficha kwa sababu wanatujua sisi. Wanajua tutacheka, tutatoza faini, tutavunja uchumba. Tukitaka maradhi yasifichwe, sisi tubadilike kwanza.

Kabla hatujaketi, tumalizie habari ya kile kikundi. Mwaka jana tulirudi kwao tukaeleza haya tuliyowaeleza ninyi. Palikuwa kimya. Kisha katibu akaleta kile kitabu cha kumbukumbu, akafungua ukurasa wenye sahihi zetu. Kijana mmoja akasema ung'olewe. Mjane akakataa. Akasema uachwe, ila chini yake paandikwe. Basi tukaandika: "Tulikosea. Alikuwa mgonjwa." Tukatia sahihi tena, sisi na wao. Faini zake zote alirudishiwa mjane, na binti yake mkubwa sasa ndiye mweka hazina. Hajapimwa, na hakuna anayemuuliza.



MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kijijini kwetu kuna ukoo unaosemwa una laana? Watu wa ukoo huo wanaugua namna gani? (Msitaje majina.)

2. Tumewahi kumtoza faini, kumcheka au kumfukuza mtu ambaye huenda alikuwa mgonjwa? Tunaweza kurekebisha nini?

3. Chezeni mchezo wa maharagwe mara kumi. Andikeni matokeo. Mnaonaje maneno "mke ndiye aliyeleta ugonjwa"?

4. Katika kikundi chetu, nani anamlea mgonjwa wa muda mrefu bila msaada? Tutampa zamu gani kuanzia juma lijalo?